Uhakiki wa Mbinu za Kupunguza Mwangwi Usiotakiwa katika Upimaji wa Antena kwenye Uga wa Karibu

Ikisiri

Makala hii inahakiki mbinu zinazotumika kupunguza mwangwi usiotakiwa katika upimaji wa antena kwenye uga wa karibu. Mbinu hizo zimegawanywa katika makundi manne: zile zinazorekebisha chumba na nafasi ya antena, zile zinazotenganisha mawimbi kwa wakati, zile zinazochuja modi za uga, na zile zinazokadiria vyanzo vya mwangwi. Hoja kuu ni kwamba kila mbinu hufaulu kwa sababu ya jambo inalolichukulia kuwa kweli kabla ya kipimo kufanyika, na kwamba taarifa nyingi za mafanikio hupima utiifu wa data kwa dhana hiyo badala ya kupima usahihi wa matokeo. Uhakiki unahitimisha kwa kupendekeza mambo ambayo mtahini ana haki ya kuyadai kwa tasnifu yoyote inayodai kuwa imepunguza mwangwi.

1.0 Utangulizi

Antena haipimwi ikiwa peke yake. Hupimwa ikiwa ndani ya chumba, juu ya nguzo, mbele ya kihisi, na kila kimoja kati ya vitu hivyo hurudisha sehemu ya mawimbi yanayokifikia. Mawimbi yaliyorudishwa hupokewa na kihisi pamoja na yale yaliyotoka kwenye antena moja kwa moja. Kihisi hupokea jumla tu. Hakina uwezo wa kueleza ni sehemu gani ya jumla hiyo imetoka kwenye antena na ni ipi imetoka ukutani. Sehemu hii ya pili ndiyo inayoitwa mwangwi katika makala hii.

Upimaji kwenye uga wa karibu ulitokana na ugumu wa kupima uga wa mbali. Kwa mujibu wa kanuni iliyozoeleka, uga wa mbali huanza kwenye umbali unaolingana na mara mbili ya mraba wa kipenyo cha antena, ikigawanywa kwa urefu wa wimbi. Sahani yenye kipenyo cha mita 1 inayofanya kazi kwa masafa ya gigahezi 10, ambako urefu wa wimbi ni sentimita 3, huhitaji umbali wa takriban mita 67. Kwa gigahezi 30 umbali huo hufikia mita 200. Hakuna chumba cha kawaida chenye urefu huo. Nadharia iliyoendelezwa na Kerns na wenzake katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani huko Boulder, pamoja na kazi ya Jensen (1970) na kitabu kilichohaririwa na Hansen (1988) katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, ilionesha kwamba uga uliopimwa karibu, kwa ukubwa na kwa fazi, unaweza kugeuzwa kihisabati na kutoa ruwaza ya mnururisho ya uga wa mbali.

Manufaa hayo yana gharama yake. Katika upimaji wa uga wa mbali, kosa lililotokea kwenye pembe moja hubaki kwenye pembe hiyo. Katika uga wa karibu, kila thamani ya ruwaza ya mwisho hupatikana kwa kujumlisha vipimo vya sehemu zote. Mwangwi ulioingia kwenye sehemu ndogo ya vipimo husambaa, na huweza kujitokeza kwenye pembe ambayo haihusiani kabisa na ukuta ulioutoa.

Uzito wa tatizo huonekana kwa hesabu fupi. Ichukuliwe antena yenye mwale wa pembeni ulio desibeli 30 chini ya mwale mkuu, na chumba chenye mwangwi ulio desibeli 40 chini ya mwale mkuu huohuo. Mwangwi uko desibeli 10 tu chini ya mwale unaopimwa, yaani ukubwa wa uga wake ni takriban 0.32 ya ukubwa wa uga wa mwale huo. Kutegemea fazi, mwale wa pembeni utaonekana kuwa juu kwa desibeli 2.4 au kuwa chini kwa desibeli 3.3 kuliko ulivyo. Mwangwi ukipunguzwa kwa desibeli 10, kosa hilo hushuka hadi kati ya desibeli 0.8 juu na 0.9 chini. Kwa antena ya setilaiti ambayo mkataba wake unaweka kikomo cha miale ya pembeni, tofauti hiyo inatosha kuikataa antena nzuri au kuipokea iliyo mbovu.

Kwa hiyo, swali la namna ya kupunguza mwangwi lina uzito mkubwa kwa maabara, hasa maabara zisizo na uwezo wa kujenga chumba cha gharama kubwa. Hata hivyo, kabla ya kuuliza ni mbinu ipi inayopunguza mwangwi zaidi, inafaa kuuliza swali lililotangulia: mbinu hiyo inajuaje kwamba kilichoondolewa ni mwangwi?

2.0 Msingi wa Kinadharia

Uga wa antena yoyote unaweza kuelezwa kuwa ni jumla ya modi za tufe. Modi za namba ndogo hubadilika polepole kadiri pembe inavyobadilika. Modi za namba kubwa hubadilika haraka. Antena inayoenea ndani ya tufe lenye nusu kipenyo fulani haiwezi kunururisha kwa kiasi kikubwa modi zinazozidi kikomo fulani. Kikomo hicho hukadiriwa kwa kuzidisha nusu kipenyo cha tufe hilo dogo kabisa kwa namba ya wimbi, kisha kuongeza 10. Kwa sahani iliyotajwa hapo juu, yenye nusu kipenyo cha mita 0.5 kwa gigahezi 10, kikomo ni takriban modi ya 115, na sampuli zinapaswa kuchukuliwa kwa kila nyuzi 1.56 au chini yake.

Msingi huu una matokeo mawili. La kwanza ni kwamba ukubwa wa antena na wingi wa modi zake vinafungamana: anayejua ukubwa anajua kikomo. La pili ni kwamba nishati yoyote inayojitokeza juu ya kikomo hicho haiwezi kuwa imetoka ndani ya tufe. Inaweza kuwa mwangwi, kelele ya mitambo, kosa la nafasi au mtikisiko wa kebo. Nadharia inaruhusu kusema kwamba nishati hiyo si ya antena. Hairuhusu kusema kwamba ni mwangwi. Tofauti hii ndogo ya kauli ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya matatizo yatakayojadiliwa hapa chini.

Aidha, ni muhimu kutenganisha aina mbili za mwangwi. Newell (1988), katika orodha yake ya vyanzo 18 vya makosa ya upimaji wa bapa, aliutenganisha mtawanyo wa mawimbi kutoka chumbani na uakisi wa kurudiarudia kati ya antena na kihisi. Aina hizi mbili zina jiometria tofauti na hazitibiwi kwa dawa moja. Hata hivyo, kazi nyingi zilizofuata huzikusanya chini ya jina moja la mwangwi, kisha huripoti mafanikio dhidi ya aina ya kwanza kana kwamba yameipata na ya pili.

3.0 Uhakiki wa Mbinu

3.1 Kurekebisha chumba na nafasi

Njia kongwe ni kuzuia mwangwi usitokee. Kuta hufunikwa kwa vifyonzaji vya mawimbi, kwa kawaida piramidi za povu lililotiwa kaboni. Ubora wake hutegemea urefu wa piramidi ukilinganishwa na urefu wa wimbi, pamoja na pembe ambayo wimbi linaigonga. Kwa gigahezi 10 piramidi fupi hutosha. Kwa megahezi 100, ambako wimbi moja lina urefu wa mita 3, piramidi yenye ufanisi ingekula sehemu kubwa ya chumba chenyewe. Njia hii ina uaminifu ambao mbinu nyingine hazina, kwa sababu haiguzi data. Kasoro yake ni kwamba hufikia kikomo cha fedha na nafasi mapema.

Njia ya pili ni kubadilisha nafasi. Dhidi ya uakisi wa kurudiarudia kati ya antena na kihisi, vipimo viwili huchukuliwa kwa umbali unaotofautiana kwa robo ya urefu wa wimbi, kisha matokeo yake ya uga wa mbali huwekewa wastani. Wimbi lililoakisiwa mara mbili limesafiri umbali huo mara tatu, hivyo fazi yake ikilinganishwa na wimbi la moja kwa moja hugeuka kwa nyuzi 180, na mawili hayo hufutana. Ubora wa njia hii ni kwamba inaeleza wazi inachokifuta na sababu ya kukifuta. Lakini robo ya wimbi ni robo ya wimbi kwa masafa mamoja tu. Hatua ya milimita 7.5 ni kamili kwa gigahezi 10. Kwa gigahezi 8 au 12 mgeuko wa fazi hukosa nyuzi 36, na mwangwi hupunguzwa kwa takriban desibeli 10 tu. Tasnifu inayotumia hatua moja kwa bendi nzima inapaswa kukiri jambo hilo, na haitoshi kuonesha matokeo ya masafa ya katikati.

3.2 Lango la wakati

Mwangwi husafiri njia ndefu zaidi, kwa hiyo huchelewa. Endapo antena itapimwa kwa masafa mengi na data kugeuzwa kuwa ya wakati kwa mgeuzo wa Fourier, kilichochelewa kinaweza kukatwa kwa lango la wakati. Wazo hili ni jepesi na lina ushawishi. Uwezo wake wa kutenganisha, hata hivyo, hutegemea upana wa bendi. Kwa upana wa megahezi 500, njia mbili hutenganishwa endapo zinatofautiana kwa takriban sentimita 60; kwa megahezi 100, tofauti inayohitajika ni mita 3.

Hapa kuna kizuizi ambacho hakiondolewi kwa kifaa bora zaidi. Antena nyingi zinazohitaji kipimo sahihi, kama vile safu za matundu kwenye mwongozowimbi, zina bendi nyembamba kwa asili yake. Kuzipima nje ya bendi hiyo ni kupima antena nyingine. Vilevile, antena ya bendi nyembamba huendelea kutoa mawimbi kwa muda baada ya kuchochewa, na sehemu ya mwisho ya mawimbi hayo huwasili pamoja na mwangwi wa mwanzo. Lango likifungwa mapema, hukata sehemu ya antena; likichelewa, huupitisha mwangwi. Mpimaji huchagua mahali pa kulifunga kwa kutazama mchoro, na uchaguzi huo mara nyingi hauelezwi katika ripoti. Hivyo basi, lango la wakati linafaa kwa antena za bendi pana ndani ya vyumba vikubwa. Nje ya mazingira hayo, linabadilisha kosa linaloonekana kwa kosa lisiloonekana.

3.3 Kuchuja modi

Mbinu iliyopata umaarufu zaidi tangu Hindman na Newell waiwasilishe mwaka 2005 ni ile ya kuchuja modi. Antena huwekwa kwa makusudi mbali na kitovu cha mzunguko. Vipimo huchukuliwa kwa msongamano unaolitosha tufe kubwa linalozunguka kitovu hicho. Kisha, kwa hisabati, antena hurudishwa kwenye kitovu kwa kusahihisha fazi. Baada ya hapo modi za antena hujikusanya chini ya kikomo chake, mwangwi husambaa hadi kwenye modi za juu, na modi hizo hufutwa. Hess (2010) alieleza mbinu inayofanana, yenye lengo la kutenga ruwaza ya kinururishi kimoja kutoka katika mazingira yaliyochafuka.

Fadhila za mbinu hii ni za kweli. Hufanya kazi kwa masafa mamoja, haihitaji kujua umbo la chumba, na haidai vifaa vipya. Kwa maabara isiyo na chumba kilichofunikwa vizuri, huu ni ukombozi. Gharama yake ni idadi ya vipimo: sahani ya mfano ikisogezwa sentimita 30 kutoka kitovuni, tufe linakuwa na nusu kipenyo cha mita 0.8, kikomo cha modi kinapanda kutoka 115 hadi takriban 178, na idadi ya vipimo inaongezeka kwa takriban mara 2.4.

Jambo lisilosisitizwa vya kutosha ni sababu ya kusogeza antena. Antena iliyo kitovuni inapozungushwa, mwangwi kutoka kwenye ukuta uliosimama ni ruwaza ileile ya antena, ila imegeuzwa kwa pembe fulani na kupunguzwa ukubwa. Mwangwi huo una modi zilezile za antena, na hakuna chujio linaloweza kuutambua. Usogezaji huupa mwangwi alama ya kuutofautisha. Katika mzunguko wa mhimili mmoja, endapo wimbi la mwangwi linaiacha antena kwa pembe fulani kutoka kwenye mstari wa antena na kihisi, basi baada ya kusahihisha fazi mwangwi huonekana kama antena ya pili iliyosogezwa kwa umbali unaolingana na mara mbili ya usogezaji wa awali, ikizidishwa kwa sini ya nusu ya pembe hiyo.

Kanuni hii fupi inatosha kuonesha mipaka ya mbinu. Kwa usogezaji wa sentimita 30, mwangwi wa nyuzi 180 husogea sentimita 60. Wa nyuzi 90 husogea takriban sentimita 42. Wa nyuzi 10 husogea sentimita 5 tu. Kwa sahani yenye kipenyo cha mita 1, hata ule wa nyuzi 180 bado unapishana na tufe la antena yenyewe, na sehemu inayopishana hupita kwenye chujio bila kuguswa. Mwangwi wa nyuzi 10 hubaki karibu wote. Uakisi wa kurudiarudia kati ya antena na kihisi, ambao pembe yake ni karibu na sifuri, hauguswi kabisa kwa njia hii. Kwa upande mwingine, antena ndogo ya pembe inayoingia ndani ya tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 hutengana kikamilifu na mwangwi wowote unaozidi takriban nyuzi 39. Kwa hiyo, mbinu moja, chumba kimoja na usogezaji mmoja hutoa uhakika tofauti kabisa kwa antena mbili tofauti, na kwa kuta mbili za chumba kimoja. Kutaja namba moja ya desibeli kuwa ndiyo ufanisi wa mbinu ni kuficha jambo hilo.

Kasoro ya pili inahusu uchaguzi wa tufe. Antena iliyofungwa juu ya mwili wa setilaiti au paa la gari hainururishi peke yake. Mikondo ya umeme huenea kwenye mwili ulioibeba, nao hunururisha. Mpimaji akichora tufe kuizunguka antena tu, chujio litaufuta mchango wa mwili huo na kutoa ruwaza nzuri ya antena ambayo haipo angani wala barabarani. Akichora tufe kuuzunguka mwili wote, kikomo cha modi hupanda na nguvu ya chujio hupungua. Hess alikusudia kukitenga kinururishi kimoja, na kwa lengo lake tufe dogo ni sahihi. Kwa mwenye lengo la kujua namna setilaiti nzima itakavyofanya kazi, tufe hilohilo ni kosa. Hili linaonesha kwamba mwangwi si kitu kilichopo chumbani kikingoja kuondolewa. Ni jina linalopewa sehemu ya uga ambayo swali la mpimaji halikuihitaji. Swali lisipoandikwa, jina hilo halina maana.

3.4 Kukadiria vyanzo

Kundi la nne hurejesha mikondo ya umeme kwenye uso unaoizunguka antena, na mara nyingine huweka vyanzo vya ziada mahali ambapo mwangwi unadhaniwa kutokea. Yinusa na Eibert (2013), wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, walipendekeza upimaji wa vihisi vingi unaofuata mwelekeo huo. Mbinu hizi zina nguvu ambayo chujio la modi halina: hazilazimiki kutumia tufe, kwa hiyo uso unaweza kulifuata umbo halisi la antena. Udhaifu wake ni kwamba kurejesha vyanzo kutoka kwenye uga ni tatizo la kinyume, ambalo makosa madogo ya vipimo huweza kukuzwa sana. Ili kulituliza, mpimaji huweka sharti la ziada linalopendelea majibu ya aina fulani. Sharti hilo ni dhana ya mpimaji, sawa na mahali pa kufunga lango la wakati. Isitoshe, kila chanzo cha ziada kinachoongezwa huipa hesabu uhuru zaidi wa kuelezea data, na data inayoelezeka vizuri zaidi si lazima iwe imeelezwa kwa usahihi zaidi.

4.0 Tatizo la Ushahidi

Baada ya kuzitazama mbinu zenyewe, inafaa kutazama namna mafanikio yake yanavyothibitishwa. Katika maandiko ya uwanja huu, aina nne za ushahidi hujirudia, na kila moja ina kasoro.

Aina ya kwanza ni ulaini wa mchoro. Ruwaza kabla ya kuchujwa ina mawimbi madogomadogo. Baada ya kuchujwa imetulia. Lakini kufuta modi za namba kubwa ni kufuta mabadiliko ya haraka kwa ufafanuzi. Mchoro ungetulia hata kama kilichofutwa kingekuwa sehemu halali ya antena. Ulaini ni tabia ya chujio, na hauwezi kuwa shahidi wake.

Aina ya pili ni kupungua kwa tofauti ya jumla, hasa kwenye sehemu za chini za ruwaza. Hapa kelele huchanganywa na mwangwi. Kelele isiyo na mpangilio husambaa kwenye modi zote kwa takriban usawa. Katika mfano wa sahani uliotolewa, chujio huhifadhi modi zipatazo moja kwa kila 2.4, kwa hiyo nguvu ya kelele hushuka kwa takriban desibeli 3.8 bila mwangwi wowote kuguswa. Ripoti isiyoitenga kelele inaweza kujipatia karibu desibeli 4 za mafanikio ndani ya chumba kisicho na mwangwi hata kidogo.

Aina ya tatu ni jaribio la bamba. Bamba la chuma huwekwa chumbani, mwangwi mkubwa hujitokeza, kisha mbinu hutumika na mwangwi hutoweka. Hili ni jaribio halisi na lina thamani. Hata hivyo, bamba kwa kawaida huwekwa mahali panapoonekana wazi, kando ya antena, kwa pembe pana. Kwa kanuni iliyoelezwa katika sehemu ya 3.3, hiyo ndiyo hali rahisi kuliko zote. Mwangwi unaohatarisha uamuzi ni ule dhaifu, wa pembe nyembamba, unaotoka nyuma ya kihisi au kwenye nguzo yake, na huo haujaribiwi mara kwa mara.

Aina ya nne ni ulinganisho na kipimo cha rejea. Ulinganisho huu ni bora kuliko yote yaliyotangulia, mradi rejea iwe huru. Rejea iliyopimwa katika chumba kilekile, kwa kihisi kilekile na nguzo ileile, inashiriki makosa ya kipimo kinachokaguliwa. Makubaliano ya vipimo viwili vyenye kosa moja yanathibitisha kwamba kosa linarudiwa kwa uaminifu.

Katika aina zote nne, mbinu inakuwa mshitakiwa, shahidi na hakimu kwa pamoja. Wahenga wamesema mganga hajigangi, na mbinu ya kusafisha data haiwezi kujipa yenyewe hati ya usafi.

5.0 Mapendekezo kwa Watahini na Watafiti

Kutokana na uhakiki huu, mambo sita yanapendekezwa kuwa masharti ya chini kwa kazi inayodai kupunguza mwangwi.

Kwanza, kazi itamke swali la kipimo: je, inapimwa antena peke yake au antena pamoja na mwili ulioibeba? Nusu kipenyo cha tufe kitajwe na kuhalalishwa kwa swali hilo. Pili, kikomo cha modi, mahali pa lango au sharti la utulizaji vibadilishwe kwa makusudi, na matokeo yaoneshwe. Ruwaza inayobadilika sana kwa badiliko dogo la kikomo haijathibitishwa. Tatu, kipimo kirudiwe kwa angalau usogezaji wawili tofauti. Uga wa kweli wa antena hautegemei usogezaji. Mwangwi uliobaki hutegemea. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili baada ya kuchujwa ni kipimo cha kweli zaidi cha kilichobaki kuliko tofauti kati ya kabla na baada. Nne, mwangwi wa majaribio uwekwe pia kwa pembe nyembamba na kwa ukubwa unaokaribia kiwango kinachodaiwa kufikiwa. Tano, mchango wa kupungua kwa kelele utengwe, kwa kurudia vipimo vingi bila chujio na kuviwekea wastani. Sita, data ghafi ihifadhiwe pamoja na tasnifu. Kilichofutwa na chujio hakirudi, na mtafiti wa baadaye mwenye swali tofauti huenda akakihitaji kilekile ambacho mtangulizi wake alikiita uchafu.

Masharti haya hayahitaji chumba kipya wala mitambo ya gharama. Yanahitaji muda wa ziada wa kupima na ukurasa au kurasa mbili za ziada. Kwa maabara ndogo, ambazo ndizo zinazonufaika zaidi na mbinu za kihisabati, hiyo ni bei nafuu kwa matokeo yanayoweza kuaminiwa nje ya maabara hizo.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu haukukusudia kuzikataa mbinu za kupunguza mwangwi. Kuchuja modi, hususan, ni mojawapo ya mawazo yenye manufaa zaidi katika upimaji wa antena wa miongo ya karibuni, na msingi wake wa kinadharia ni imara. Kilichohojiwa ni hatua ya kutoka kwenye kauli kwamba nishati fulani si ya antena hadi kwenye kauli kwamba ruwaza iliyobaki ni ya antena peke yake. Kauli ya kwanza hutolewa na nadharia. Ya pili hudai kwamba mwangwi wote umejipambanua, na imeoneshwa kwamba mwangwi wa pembe nyembamba haujipambanui kamwe kwa usogezaji mdogo. Pale ambapo tofauti ya desibeli 2 inaamua hatima ya antena, pengo kati ya kauli hizo mbili ndilo linalopaswa kupimwa kwanza.